Shangazi, nimeacha tembe za presha na ninakimbia kila alfajiri. Kwa nini nyumbani hawanisikilizi?

Shangazi,

Salamu kutoka Jinja. Najua barua nyingi unazopokea ni za wasichana walioachwa na wachumba, lakini leo mvumilie mzee. Nina miaka 63, nimestaafu polisi kwa cheo cha sajenti, naishi Walukuba. Shida yangu ni kwamba nyumba ninayoilisha mwenyewe haina mtu anayenisikiliza.

Nianze na mazoezi, maana ndiko maneno yalikoanzia. Wakati wa lokdauni ya 2020, Rais Museveni alionekana kwenye video akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu. Nikajiambia, kama yule aliyenizidi karibu miaka ishirini anaweza, mimi nina kisingizio gani? Tangu siku hizo naamka saa kumi na moja alfajiri, nakimbia hadi Masese kule ziwani na kurudi. Kitambi kimekwenda. Mkanda niliokuwa nafunga kwenye tundu la mwisho sasa nautoboa matundu mapya kwa msumari.

Nikaona faida hii nisiile peke yangu. Nina filimbi yangu ya kazini. Naipuliza uani saa kumi na moja kamili ili wote waamke tukimbie. Mke wangu hujifunika shuka gubigubi. Yeye anauza nyanya na dagaa soko kuu, anasema amechoka. Amechoka na nini? Si anakaa tu kwenye meza yake? Jikoni nimeondoa chumvi yote, mchuzi wa karanga nimepiga marufuku kwa sababu ya mafuta, na roleksi, ile chapati ya kukunja na mayai, haikanyagi kwangu. Siku hizi mke wangu anapika sufuria mbili, moja yangu, moja ya kwao.

Dawa nazo. Miaka kadhaa iliyopita nilipimwa presha ikawa 172 kwa 104, nikaandikiwa tembe za amlodipini. Nilizimeza bila kukosa. Mwanzoni mwa mwaka huu kliniki ilinikuta na 134 kwa 82. Nikasema, afande, umepona, mbio zimejibu. Zile tembe zenyewe zilikuwa zinanivimbisha miguu, jioni raba haziingii. Tangu Pasaka sijameza hata moja na mwili ni mwepesi. Juzi nikitoka kukimbia nilipita duka la dawa wakanipima: 146 kwa 90. Kwa umri wangu si mbaya. Jirani yangu, mstaafu wa reli, nilimshauri naye akaacha zake. Mke wangu anaita huo wazimu.

Sasa mambo ya jamii. Vijana wa leo ni wavivu, Shangazi. Sisi tulipokuwa watoto, John Akii-Bua, askari polisi kama mimi, alitwaa dhahabu Munich mwaka 1972 katika mita 400 za kuruka viunzi, tena akikimbia njia ya kwanza ambayo hakuna anayeitaka, na akavunja rekodi ya dunia. Wa leo wamekaa juu ya boda, mkononi karatasi ya betingi. Mwanangu wa miaka 22 ni mmoja wao. Nilimfuata steji ya boda nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mwanaume anayecheza kamari anajiibia mwenyewe. Tangu hapo chakula cha Jumapili hali nasi. Binti yangu ana miaka 26, anataka kwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Nimemwambia akienda ukadama asirudi kwangu. Serikali nayo inatoa pesa za wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini mpaka ufikishe miaka 80. Wangapi wanafika huko? Hayo yote nayasema nyumbani, kanisani, kwenye taksi, popote.

Watoto wana kundi la familia kwenye simu. Nilikuwa natuma ujumbe wa sauti kila asubuhi, kuhusu afya na kuhusu nchi. Wiki hii nimegundua wamefungua kundi jingine bila mimi.

Je, mtu aliyeongoza watu maisha yake yote akistaafu anyamaze?

Sajenti Mstaafu, Walukuba


SHANGAZI ANAJIBU

Afande,

Hapana, usinyamaze. Ila naanza na tembe, kundi la familia litasubiri. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu ametolewa kwenye kundi.

Isome tena barua yako kama ulivyokuwa ukisoma maelezo ya mtuhumiwa kituoni. Ile 134 kwa 82 ulipimwa lini? Ulipimwa ukiwa bado unameza tembe. Kwa hiyo inathibitisha kwamba tembe na mbio zikiwa pamoja zinakufaa. Kuhusu mbio peke yake haisemi lolote. Mbio peke yake ziko kwenye ile namba ya duka la dawa, 146 kwa 90, na hiyo imeshagonga mpaka. Ukipimwa zaidi ya mara moja ukakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hiyo inaitwa presha ya juu, na miaka 63 haiusogezi mpaka huo.

Halafu kuna jambo umelitaja kwa kupita tu: ulipimwa ukitoka kukimbia. Mtu akishamaliza mazoezi na kupumua kidogo, mishipa yake hubaki imelegea na presha hushuka chini ya kawaida yake kwa saa kadhaa. Basi hiyo 146 huenda ni namba yako ya saa nzuri kuliko zote za siku. Mimi nataka kuiona ya asubuhi, kabla hujavaa raba.

Mazoezi yanashusha presha, sikatai. Kwa mwenye presha ya juu anayetembea haraka au kukimbia mara kwa mara, namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 5 hadi 8. Kupunguza chumvi huongeza nyingine 5 au 6. Wewe ulianzia 172. Piga hesabu mwenyewe: unabaki karibu na 160, na hata tukikupa za ziada kwa kitambi kilichoondoka, kufika 134 bila tembe ni shida. Na usinijibu kwamba mwili ni mwepesi. Presha ya juu haina desturi ya kuuma. Inaharibu figo, macho na mishipa ya ubongo huku mwenyewe akijisikia vizuri kabisa, na wengine huijua siku wanapoanguka.

Miguu kuvimba nakuamini. Amlodipini inajulikana kwa hilo, na wewe si wa kwanza kulalamika kuhusu raba. Lakini dawa za presha ziko za aina nyingi. Ulipaswa kurudi kliniki ukaeleze, wakupunguzie kipimo au wakubadilishie. Tena miguu inaweza kuvimba kwa sababu ya moyo au figo, ndiyo maana inatakiwa kutazamwa na mtu aliyesomea. Na kwa kuwa hapa tunaongea kiutu uzima, niseme na hili: wanaume wengi huacha tembe za presha kwa sababu ya mambo ya chumbani, halafu wanasingizia miguu. Kama nawe limo, mwambie mhudumu. Amelisikia mara nyingi, hatacheka. Presha yenyewe isipotibiwa huharibu mambo hayo hayo.

Kwa hiyo wiki hii nenda kituo cha afya. Usikimbie asubuhi hiyo. Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe chai wala kahawa. Keti dakika 5 umeegemea, miguu yote sakafuni, mkono juu ya meza, usiongee (najua hilo litakuwa gumu). Waambie ukweli kwamba tangu Pasaka hujameza. Usijitibu kwa kumeza tembe za zamani mbili mbili ili kufidia. Mpaka utakapopimwa, tembea badala ya kukimbia, na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama hapo hapo utafute msaada. Ah, na umejaza kurasa za afya bila kutaja kinywaji hata kidogo. Kama jioni unakaa kwenye chungu cha malwa na wastaafu wenzako, hilo nalo lipeleke kliniki, maana pombe hupandisha presha.

Sasa mke wako. Hapa nilitaka kukasirika, nikanywa maji kwanza.

Unauliza amechoka na nini. Mfuate siku moja, bila filimbi. Mchuuzi wa nyanya hupokea makreti alfajiri, anayashusha, anayapanga, anainama na kuinuka mchana kutwa, jioni anabeba yaliyobaki. Akifika nyumbani kuna maji. Jerikeni ya lita 20 ina kilo 20, na yeye haibebi moja. Kisha anapika sufuria mbili kwa sababu yako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kumfanya apumue kwa nguvu kidogo, pamoja na kazi za misuli siku mbili au zaidi. Mama huyo anazimaliza kabla ya Jumatano. Anachokosa ni usingizi, na wewe ndiwe unayemkatizia.

Mwaka 2018 watafiti wa shirika hilo hilo walilinganisha nchi 168 kuona ni wapi watu hawajishughulishi vya kutosha. Uganda ilikuwa na sehemu ndogo kuliko nchi zote, kama asilimia 5.5 tu. Kuwait ilikuwa asilimia 67. Waganda hatukupata nafasi hiyo kwa kukimbia tukiwa na saa za mkononi. Ni jembe, ni maji, ni kwenda sokoni kwa miguu. Kwa hiyo hoja yako ya uvivu wa watu wetu haisimami, angalau haisimami kwa mke wako. Kama unataka kweli mtembee pamoja, nenda umpokee sokoni jioni, ubebe mzigo, mrudi mkiongea. Saa kumi na moja alfajiri ni giza, na mwanamke ana sababu zake za kutopenda njia ya Masese saa hizo.

Wewe mwenyewe kuna kitu umeacha. Kukimbia unakimbia, ila hujataja misuli wala uwezo wa mwili kujisawazisha. Kwa wenye miaka 65 na zaidi ushauri huongeza mazoezi ya kujisawazisha siku tatu kwa wiki, kwa sababu mzee akianguka akavunjika nyonga, maisha yake hubadilika. Umebakiza miwili, anza sasa. Simama kwa mguu mmoja ukishika fremu ya mlango, kisha legeza mkono. Kaa kwenye kiti cha jikoni uinuke bila kujisukuma kwa mikono, urudie mpaka mapaja yawake. Jerikeni mbili za maji kutoka bombani nazo ni mazoezi mazuri ya misuli, na mama atashukuru.

Chumvi, umevuka. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mmoja, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti na chipsi za barabarani. Hakuna aliyesema chakula kiwe chapwa. Karanga zirudi jikoni, hazina kosa. Mafuta yake si ya kuogopwa ilimradi hulijazi bakuli. Roleksi sitaipigania sana, ila mtoto akinunua moja kwa pesa yake usifungue jalada.

Tuje kwa kijana. Kwenye betingi, sheria iko upande wako zaidi ya unavyojua: Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza. Ana 22. Yule anayepokea pesa yake dirishani anavunja sheria. Lakini wewe hukwenda kwa mwenye dirisha, ulikwenda kumwaibisha mwanao mbele ya wenzake wa steji. Pale ndipo anapopata abiria, pale ndipo jina lake lilipo. Mwendesha boda akishachekwa steji anaendelea kuchekwa kila siku.

Mwite, au bora umfuate, mkiwa wawili. Usianze na kamari. Muulize pikipiki ni ya nani. Kama ni ya mkopo, muulize kwa wiki analipa kiasi gani na siku mvua ikinyesha anatoa wapi. Vijana wengi huanza kubeti siku ile wanayopungukiwa pesa ya mwenye pikipiki, wakiamini mechi moja itaziba. Ukijua deni lake ni kiasi gani mtakuwa na jambo la kuzungumza. Sikwambii umlipie. Nakwambia ulijue.

Binti naye ni mtu mzima, ana miaka 26, na kumkataza hakutamzuia kupanda ndege. Kutamzuia kukupigia simu mambo yakimharibikia huko, na hilo ndilo la hatari. Baadhi ya waliopata shida Uarabuni waliondoka kwa mawakala wa mitaani, bila mkataba waliousoma, na nyumbani hakuna aliyejua mwajiri ni nani. Wewe ni polisi. Peleleza. Kampuni inayompeleka iwe kwenye orodha ya zilizopewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Usome mkataba naye mstari kwa mstari: mshahara, siku ya kupumzika, nani analipa tiketi ya kurudi. Nakala ya pasipoti, ya mkataba, na anwani ya mwajiri vibaki kwako. Mpange siku ya kupiga simu na neno moja la siri ambalo akilitamka utajua hali si nzuri. Ukiona kampuni inakwepa maswali yako, hapo utakuwa na la kumwambia, naye atakusikiliza. Na lile la “asirudi kwangu” lifute kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajapata viza.

Kuhusu pesa za wazee niko nawe mia kwa mia. Miaka 80 ni mbali mno, na 25,000 ni kidogo. Ila abiria wa taksi hawawezi kukusaidia kitu. Sheria yetu inamhesabu mwenye miaka 60 kuwa mzee, kwa hiyo unaruhusiwa kwenye mabaraza ya wazee yanayoanzia kijijini hadi taifa, na tangu 2021 wazee wana wabunge watano wao wenyewe. Muulize mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, baraza la kwenu linakutana lini. Huko wanahitaji mtu mwenye sauti, anayejua kuandika taarifa na asiyeogopa wakubwa. Zile jumbe za sauti za kila asubuhi zihamishie huko.

Watoto, kwa maoni yangu, walichokimbia ni amri. Wamelelewa na sajenti, wanaijua sauti hiyo tangu wakiwa wadogo. Usiombe kurudishwa kundini na usiulize nani alianzisha lile jingine. Jumapili moja waulize wao swali kuhusu maisha yao, halafu uache jibu limalizike. Filimbi mpe mjukuu, au iweke kwenye sanduku pamoja na sare.

Hayo ya watoto yana muda. La jirani yako halina. Huyo ameacha dawa kwa neno lako, hakimbii hadi Masese, na barua yako haisemi presha yake ni ngapi. Usimpigie simu, nenda kwake leo umwambie mwende kupimwa pamoja, siku moja, foleni moja. Mkeo na mke wake wote wafahamu dalili hizi: uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu ghafla, maneno kutoka ovyo. Wakiziona, kwako au kwake, wasikupe maji wala wasikulaze usubiri asubuhi. Ni gari moja kwa moja hadi Hospitali ya Rufaa ya Jinja, na wakumbuke saa zilipoanza, maana daktari atauliza.

Shangazi